Wa Ridhaa na wa Kulipwa Katika Mbio za Motokaa

Neno "ridhaa" limekwisha zoeleka katika habari za michezo. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa kupenda, asiye na mshahara. Na mchezaji wa kulipwa ni yule ambaye mchezo ndio jembe lake, nao ndio umlishao yeye na watoto wake. Katika mpira wa miguu na ngumi mpaka huu hauna matata. Mtu akikuambia, "Jumamosi watacheza wa ridhaa, na Jumatatu watacheza wa kulipwa," wajua mara moja siku ipi ya kutoa fedha ya kiingilio, maana umezoea kufikiri ya kuwa alipwaye ni stadi kuliko asiyelipwa. Katika mbio za motokaa kanuni hiyo haifai. Atakayeifuata atalipa sana kwa kutazama kilicho kidogo, na kilicho kikubwa kitampita hali yeye yupo kwenye foleni ya soda.

Nayasema haya juu ya kiwanja kimoja tu, kiitwacho Lime Rock, katika jimbo la Connecticut, nchi ya Marekani. Sikukichagua kwa kuwa ndicho kikubwa, kwani ni kidogo mno. Nimekichagua kwa sababu pale mtazamaji aweza kuwaona wa ridhaa na wa kulipwa juu ya njia ile ile, na kwa sababu kiwanja kile kina desturi moja ya siku ya Jumapili ambayo viwanja vingine havina, nayo yahusu sana neno langu.

Kwanza tufahamiane juu ya mchezo wenyewe. Watu wa Afrika ya Mashariki wakisikia mbio za motokaa huwaza Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ambamo motokaa hupita moja moja katika vumbi na matope, na mtu aliyesimama kando ya njia huona kila mmoja kwa kitambo cha kupepesa macho, kisha hungoja. Hizi nizisemazo ni nyingine. Motokaa ishirini, thelathini, au zaidi huachwa ziende pamoja juu ya njia ya lami iliyojifunga kama pete, huzunguka na kuzunguka mpaka muda uishe, na aliye mbele ndiye mshindi. Nazo ni motokaa za michezo, yaani zile ambazo asili yake ni motokaa ya barabarani, yenye bodi ifunikayo magurudumu, si zile nyembamba za magurudumu wazi zionekanazo katika picha za Grand Prix.

Lime Rock kilifunguliwa mwaka 1957 katika shamba lililokuwa machimbo ya kokoto. Njia yake ina urefu wa maili moja na nusu tu, karibu kilomita 2.4, nayo imelala bondeni kati ya vilima vya majani na miti. Hakuna majukwaa ya saruji. Mtazamaji huleta blanketi yake na kikapu chake, akaketi juu ya nyasi kilimani, chini ya mti akipenda, na mbele yake huona sehemu kubwa ya njia kama mwalimu aonavyo darasa lake. Katika viwanja virefu, kama kile cha Le Mans katika Ufaransa chenye kilomita zaidi ya 13, motokaa hukupita, ukakaa dakika tatu na zaidi huna habari yake ila ile uliyotangaziwa na mwenye kipaza sauti. Lime Rock motokaa nyepesi huzunguka kwa dakika moja au kupungua. Haiwahi kusahauliwa.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana pasipo hesabu hii mchezo hauonekani. Motokaa inayomaliza maili moja na nusu kwa dakika moja ina mwendo wa wastani wa maili 90 kwa saa, yaani kadiri ya kilomita 145. Kwa mwendo huo hupita mita 40 kwa kila sekunde. Basi sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 4, nayo ni urefu wa motokaa moja. Mtangazaji akisema fulani amemshinda mwenzake kwa sehemu moja ya kumi, wengi hucheka, wakadhani ni ushindi wa saa za mafundi. La, ni ushindi wa gari zima.

Sasa tuje kwenye Jumamosi ya wa ridhaa. Chama kiitwacho Sports Car Club of America kilianzishwa mwaka 1944, nacho ndicho kilicholea mbio za ridhaa nchini kote. Wanaokuja ni daktari wa meno, muuza mbao, fundi wa makanika aliyejiwekea akiba, baba na binti yake. Motokaa huletwa ikivutwa nyuma ya gari jingine; mke au ndugu hushika saa; mwenye motokaa hulala chini yake mwenyewe akiwa na spana. Mtazamaji huruhusiwa kutembea kati yao, na akiuliza neno hujibiwa, tena hujibiwa kwa urefu, maana hakuna mtu apendaye kusimulia kama mtu aliyejilipia taabu yake.

Katika madaraja yao liko moja la motokaa ndogo za Mazda zenye viti viwili, liitwalo Spec Miata. Sheria yake ni kwamba motokaa zote ziwe karibu sawa: matairi ya namna moja, uzito usiopungua kiasi kilichoandikwa. Si za haraka. Ziko motokaa nyingi za dukani zitakazoziacha nyuma katika barabara iliyonyoka. Nami nasema, ndizo bora kutazamwa katika kiwanja kile. Kwa kuwa motokaa ni karibu sawa, tofauti iliyobaki ni mtu. Mbili tatu huingia kona pamoja, na mtazamaji aliyeketi kilimani aona kwa macho yake nani amekanyaga breki mapema, nani amechelewa, nani ameingia kwa pupa akatoka kwa upana, na nani amengoja, akakata ndani, akatoka na mwendo. Kisha katika njia iliyonyoka aona jambo la upepo: aliye mbele ndiye apasuaye hewa, na aliye nyuma yake karibu sana hupata njia iliyokwisha pasuliwa, akavutwa kama mtumbwi mdogo nyuma ya mashua. Kwa hiyo katika daraja hili kuwa wa kwanza kabla ya mzunguko wa mwisho si baraka. Nimeona dereva akimwachia mwenzake apite kwa makusudi, watu waliokaa karibu nami wakaguna wakidhani ameshindwa, naye akangoja kona ya mwisho. Hapo ndipo akili ya mtu huonekana kama maandishi ubaoni.

Kona hiyo ya mwisho huitwa The Downhill, yaani Mteremko. Hushuka kilima na kupinda kulia, kisha hutoka kwenye sehemu ndefu iliyonyoka. Uzito wote wa motokaa huanguka juu ya matairi, na dereva mwenye hofu huinua mguu kidogo tu juu ya petroli. Lile dogo hulilipia njia nzima iliyonyoka. Ukitaka kujua nani ni dereva, usitazame mahali wanapopitana, sikiliza Mteremko. Sauti ya injini ikikatika, hata kwa kitambo kidogo sana, umepata jibu.

Sisemi ya kuwa yote ya ridhaa ni mazuri. Kosa lao kubwa ni kuchanganya madaraja. Kwa sababu motokaa za daraja moja huwa chache, wakubwa wa mashindano hutia madaraja matano au sita katika mbio moja, na mtazamaji huona motokaa ya kumi ikishangiliwa na watu wa nyumba yake, asijue kwa nini. Kumbe imekuwa ya kwanza katika daraja lake lenye motokaa tatu. Tena wako wenye fedha nyingi na mazoezi kidogo, ambao motokaa yao yawazidi kama farasi mkali ampandaye mtoto. Hao huharibu mbio za wenzao, na bendera ya manjano, ambayo maana yake ni hatari mbele na marufuku kupitana, hutikiswa nusu ya muda. Mtu akibahatika kuja Jumamosi ya namna hiyo, atarudi nyumbani akisema mwandishi wa makala hii ni mwongo. Aje mara mbili.

Baada ya Jumamosi huja kimya. Kiwanja kilipoanza, ngurumo zake ziliwafikia majirani siku ya Bwana pia, na Kanisa la Utatu la madhehebu ya Kiepiskopali li jirani sana. Majirani waliungana wakaenda mahakamani, na mwaka 1959 ngurumo za mbio zikakatazwa siku ya Jumapili. Tangu hapo mbio za Lime Rock hufanywa Jumamosi, na zikiangukia sikukuu hufanywa Jumamosi na Jumatatu. Shauri lilifufuliwa mara nyingine, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Connecticut ilikubali ya kuwa mji wa Salisbury, ambamo kiwanja kimo, una haki ya kukataza mbio za Jumapili. Wenye biashara ya mbio hulalamika, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya fedha katika viwanja vyote vya dunia.

Sitetei Jumapili hapa kwa habari ya ibada. Wenye kazi hiyo wapo, nao wameifanya. Naitetea kwa habari ya mchezo wenyewe. Katika sikukuu ya mwanzo wa Septemba, ambayo pale ni ya motokaa za kale ziendeshwazo na wenyewe kwa ridhaa, Jumapili motokaa hupangwa juu ya njia yenyewe ili watu wazitazame, nao hutembea kwa miguu mahali ambapo jana zilipita mbio. Na kutembea huko kwafundisha kuliko kitabu. Ukiwa kilimani, Mteremko waonekana mpole. Ukisimama juu yake, waona kwamba lami inaanguka mbele yako kama ngazi, na mwisho wake huuoni mpaka umekwisha fika. Waona alama nyeusi za matairi, na jinsi zinavyokutana zote mahali pamoja kana kwamba zimechorwa na mtu mmoja, kisha mbili tatu zimetoka peke yake kwenda majanini. Kila alama ya majanini ni habari ya mtu. Watazamaji wa viwanja vingine, ambao hutoka kelele hata kelele siku tatu, hawapati siku ya kufikiri waliyoyaona. Nilichojifunza kwa miguu Septemba kilinifaa Mei iliyofuata, nilipokwenda kuwatazama wa kulipwa.

Kwa miaka mingi Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku Wamarekani wanapowakumbuka askari wao waliokufa, ndiyo ilikuwa siku ya mbio kubwa za kulipwa pale. Siku kama hiyo mambo hubadilika. Magari makubwa ya mizigo yenye rangi na majina ya wafanya biashara hupangwa kama mji; kamba hufungwa; dereva huonekana akiwa ameketi nyuma ya meza, akitia saini juu ya picha zake, na foleni ya watoto hupita mbele yake haraka. Motokaa ni za ajabu kwa nguvu na kwa uzuri wa kazi. Sikatai. Lakini mtazamaji aliyeketi pale pale alipoketi siku ya wa ridhaa huona nini? Huona motokaa zikifuatana kwa nafasi iliyo karibu sawa, kwa muda mrefu, pasipo mmoja kumpita mwenzake. Sababu si uvivu. Breki zao ni kali mno hata mahali pa kushindana katika kukanyaga breki pamekuwa pafupi. Na motokaa zao husaidiwa na upepo ukandamizao bodi chini, kwa hiyo aliye nyuma karibu, akiingia katika hewa iliyovurugwa, hupoteza msaada huo konani. Upepo ule ule uliokuwa rafiki wa Mazda ndogo umekuwa adui.

Basi vita vyao vimehama. Vimekwenda mahali pa kutia petroli na kubadili matairi, na vimekwenda ndani ya vyombo vya hesabu vya wahandisi, ambao huamua dereva aingie mzunguko gani, apunguze petroli kiasi gani, abakie nyuma ya nani. Ni kazi ya akili kubwa. Walakini haionekani. Mtazamaji huambiwa na kipaza sauti kwamba fulani sasa ni wa kwanza, naye hakuona alivyopata kuwa wa kwanza. Ni kama kusomewa barua ya mchezo hali wewe umekaa mchezoni. Nami hulaumu watangazaji kuliko madereva, maana kazi yao ni kueleza lisiloonekana, nao hueleza tu majina ya wenye kulipia matangazo.

Liko jambo jingine ambalo watangazaji hulipita kwa upole sana. Ndani ya mbio za kulipwa wamo wa ridhaa, tena wengi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIA, huwagawa madereva wa mbio hizi katika madaraja manne: Shaba, Fedha, Dhahabu na Platini. Wa Shaba kwa kawaida ni mtu aliyeanza akiwa mtu mzima, mwenye kazi nyingine. Katika mashindano ya dunia ya motokaa hizi, tangu mwaka 2024 kila motokaa ya daraja la LMGT3 haina budi kuwa na dereva mmoja wa Shaba, naye hushirikiana na wenzake wa juu kwa kupokezana usukani. Marekani nako yako madaraja mawili ya motokaa za namna moja, ambayo mwaka 2022 yaliwekwa hivi: moja lisilo na masharti ya madereva, na jingine lenye kumtaka mtu wa Shaba au wa Fedha. Mara nyingi huyo wa Shaba ndiye atoaye fedha ya motokaa, matairi, mafundi, na mishahara ya hao wa Platini. Kwa maneno mengine, asiyelipwa ndiye alipaye.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni aibu kwa mchezo, ya kuwa tajiri amejinunulia mahali pa mwenye kipawa. Kuna kweli ndani yake: vijana wengi wenye mikono mizuri hawapati motokaa kwa sababu hawana mtu wa kuwalipia, na hiyo ni dhuluma isiyofunikwa kwa rangi nzuri. Lakini kwa upande wa mtazamaji mimi naona kinyume. Muda wa mtu wa Shaba ndio muda wa kukaa macho. Mhandisi hawezi kumwendesha kwa sauti ya sikioni, hukosea, hurekebisha, hupitwa na motokaa nne na kumrudia mmoja, aonekana akichagua. Watangazaji huuita muda huo wa kungojea mabwana. Watu wakainuka kwenda kununua chakula, nao wameacha nyuma yao mbio zenyewe.

Na historia ya kiwanja hiki yaonyesha ya kuwa mpaka kati ya hawa wawili haukuwa imara tangu mwanzo. Chama nilichokitaja kilikuwa kikali sana katika miaka yake ya kwanza. Mshindi alipewa kikombe, na fedha ilikatazwa, na dereva aliyekwenda kushindania fedha alihesabiwa kuwa amejitenga. Walisema wanalinda usafi wa mchezo. Nadhani walilinda pia kundi lao, kwa maana mtu maskini hawezi kukimbia kwa ajili ya kikombe tu. Mwaka 1958 chama kingine, USAC, kilichozoea mbio za Indianapolis, kilianzisha mashindano yenye zawadi za fedha juu ya njia za namna hii, na Lime Rock kilikuwamo. Mwaka 1959 Rodger Ward, aliyekuwa ameshinda Indianapolis mwaka uo huo, alifika Lime Rock na kigari kidogo cha kukimbilia viwanja vya mviringo vya udongo. Waliokuwapo walikuwa na Aston Martin na Maserati za Ulaya. Ward akawashinda wote. Kwa habari hiyo wengine walisema wa kulipwa amewafundisha wa ridhaa adabu, lakini Maserati ile nayo iliendeshwa na Chuck Daigh, naye hakuwa mtoto katika kazi ile. Kilichoshinda kilikuwa motokaa nyepesi katika njia fupi, na mtu aliyeuona ufupi ule wakati wengine wanautazama urefu wa majina yao. Miaka minne baadaye, mwaka 1963, chama cha ridhaa chenyewe kilianzisha mashindano yake ya kulipwa.

Watu wawili wa pale watosha kuvunja mpaka kabisa. Wa kwanza ni John Fitch, rubani wa ndege za vita, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa taifa wa chama cha ridhaa mwaka 1951, kisha akachukuliwa na Mercedes kama dereva wa kazi. Mwaka 1955 huko Le Mans alikuwa mshirika wa Pierre Levegh katika motokaa moja. Siku ya tarehe 11 Juni, kabla Fitch hajapokea usukani, Levegh aligonga motokaa nyingine kwa nyuma, motokaa yake ikaruka na kuvunjika kati ya watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa pamoja naye. Mbio hazikusimamishwa. Fitch ndiye aliyewahimiza Mercedes waondoe motokaa zao zilizobaki, na usiku zikaondolewa, ingawa moja ilikuwa mbele ya wote. Mtu huyu alirudi kwao, akashiriki katika kuchora njia ya Lime Rock na kuisimamia, na akatumia miaka mingi kutengeneza vizuizi vya mapipa ya plastiki yaliyojazwa mchanga, ambayo hata leo huwekwa kando ya barabara kuu za Marekani ili motokaa iliyopotea njia isimamishwe bila kuua. Alifariki mwaka 2012. Mapipa yale niliyaona kwa mara ya kwanza kutoka dirisha la basi, manjano, yamepangwa mbele ya nguzo ya daraja, na abiria wote wamelala.

Habari ya Le Mans yawahusu sana watazamaji, maana waliokufa, ila Levegh peke yake, hawakuwa madereva. Walikuwa watu wa vikapu na watoto kama wale wa kilimani. Mtu akilalamika ya kuwa siku hizi kamba ni nyingi na uzio ni mrefu, akumbuke tarehe ile. Mimi nalaumu kamba za kumtenga mtu na dereva asiyetaka maswali. Za kumtenga na motokaa inayokwenda mita 40 kwa sekunde sizilaumu.

Wa pili ni Paul Newman, mwigizaji wa sinema. Alianza mashindano mwaka 1972, naye amekwisha pita umri wa miaka 45, wakati wengine wanapoacha. Aliandikwa katika karatasi za mashindano kwa jina la P. L. Newman, ili asitangazwe kwa uso wake. Alikuwa bingwa wa taifa wa ridhaa mara nne, na mwaka 1979 motokaa aliyoiendesha na wenzake wawili ilikuwa ya pili Le Mans, kati ya wa kulipwa wote wa dunia. Lime Rock kilikuwa kama kiwanja cha kwao. Aliendelea kukimbia pale hata uzeeni, naye alifariki mwaka 2008. Je, huyu tumwite nani? Mshahara wake haukutoka katika mbio, na kazi yake ilikuwa nyingine. Lakini wa kulipwa waliompita hawakujaa kiganja cha mkono mmoja siku ile ya Le Mans.

Sisi wenyewe tunao mfano wa jambo hili. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa motokaa wa Kenya, alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha tumika, wakati makampuni ya Ulaya yalikuwa yameleta watu wao na motokaa mpya. Wazee walioiona bado huisimulia, wala sijasikia hata mmoja akiuliza kama alikuwa wa ridhaa au wa kulipwa.

Imebaki habari ya watu ambao mtazamaji hawaoni kabisa, ijapokuwa wamesimama mbele yake siku nzima. Katika kila kona yuko mtu mwenye bendera, na wenzake wenye vizimamoto na redio. Hao ndio wenye kutikisa manjano ya hatari, buluu ya kumwonya aliye polepole kwamba mwenye haraka yuko nyuma yake, nyeusi ya kumwita mkosaji atoke njiani, nyekundu ya kuwasimamisha wote. Motokaa ikipinduka, wao hukimbia kuiendea wakati wengine wanakimbia kuiacha. Na katika viwanja vingi vya Marekani, hata siku ya wa kulipwa, sehemu kubwa ya hao ni watu wa kujitolea wa chama kile cha ridhaa. Hufika kabla ya jua kupanda, hupewa chakula cha mchana na asante. Dereva ana mshahara, mhandisi ana mshahara, mtangazaji ana mshahara; mwenye bendera, ambaye uhai wa wote hao hutegemea jicho lake, hana. Kitabu kidogo cha programu kiuzwacho mlangoni kina majina ya madereva, ya wenye motokaa, ya wenye kuuza mafuta na matairi, hata jina la aliyetoa hema la kulia chakula. Majina ya watu wa bendera sikuyakuta. Karatasi moja ingetosha kuyachapa yote, kona kwa kona, ili mtu aliyeketi kilimani ajue nani anamtazamia hatari siku ile.